Abdulrazak Gurnah: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maisha, Riwaya na Ualimu Wake

Tangu Oktoba 2021 jina la Abdulrazak Gurnah halikauki midomoni mwa watu wanaopenda vitabu: kwenye baraza, madarasani, kwenye makundi ya WhatsApp. Maswali yanayoulizwa ni yale yale. Ni wetu au si wetu? Mbona haandiki kwa Kiswahili? Tuanze na kitabu gani? Nimeyakusanya hapa na kuyajibu moja moja. Mengine yanatosha kwa mistari michache. Mengine yanadai nafasi, nami nimeyapa.

Kwa ufupi, Gurnah ni nani?

Ni mwandishi wa riwaya aliyezaliwa Unguja tarehe 20 Desemba 1948, akaondoka akiwa na miaka 18 na kwenda kuishi Uingereza. Kwa zaidi ya miaka 30 alifundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent, mjini Canterbury, hadi alipostaafu mwaka 2017 akiwa profesa. Amechapisha riwaya 11, zote kwa Kiingereza. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi, wa kwanza kutoka Tanzania.

Asili yake ni wapi?

Familia yake ina asili ya Yemen, na yeye alikulia Malindi, Mji Mkongwe, jirani na bandari. Anayeijua Malindi anajua maana yake. Kila kaskazi ilipovuma, majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yaliingia na kujazana. Mabaharia na wafanyabiashara walishuka, wakalala walipopata, wakasubiri kusi iwarudishe kwao. Mtoto wa mtaa ule alisikia lugha nyingi kabla ya kujua kwamba kila moja ina nchi yake. Lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kiswahili, chuoni alisoma Kurani, na skulini alikuta Kiingereza.

Ndiyo maana swali la "ni Mwarabu au Mswahili" halimfai. Pwani yetu imejaa watu ambao babu yao alikuja na jahazi na bibi yao alizaliwa hapa hapa. Riwaya zake zimejaa watu wa namna hiyo, na hakuna hata mmoja anayetuomba radhi kwa kuwa hivyo.

Kwa nini aliondoka Zanzibar?

Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakaja mapinduzi. Gurnah alikuwa na miaka 15. Walioishi wakati ule wanakumbuka mauaji, kufungwa bila kesi, kunyang'anywa mali na watu wengi kukimbia, hasa wenye asili ya Kiarabu na Kihindi. Kijana aliyekuwa anamaliza skuli hakuona njia mbele yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaondoka pamoja na nduguye, akiwaacha wazazi nyuma.

Hakurudi hadi mwaka 1984. Aliwahi kumwona baba yake, ambaye alifariki muda mfupi baadaye. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini kila baba katika riwaya zake ana jambo ambalo hakulisema.

Maisha ya mwanzo Uingereza yalikuwaje?

Magumu. Tarehe 20 Aprili 1968 mwanasiasa Enoch Powell alitoa hotuba mjini Birmingham kuonya dhidi ya wahamiaji, na hotuba ile ikawapa watu wengi ruhusa ya kusema hadharani waliyokuwa wakiyanong'ona. Kijana mweusi aliyetembea barabarani siku hizo alitukanwa mchana kweupe, na Gurnah ameeleza mara kadhaa jinsi alivyoshangazwa na chuki ya watu asiowajua wala kuwakosea.

Alifanya kazi ya chini hospitalini huku akisoma. Kisha akaingia Christ Church College, Canterbury, akapata shahada ya ualimu, akafundisha skuli ya sekondari mjini Dover. Mwaka 1982 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Kent. Tasnifu yake ilihusu vigezo vya uhakiki wa riwaya za Afrika Magharibi.

Anayetaka kuionja miaka ile aifungue *Pilgrims Way* ya mwaka 1988. Mhusika mkuu, Daud, ni mhamiaji kutoka Afrika Mashariki anayefanya kazi hospitalini katika mji wa Canterbury. Anajilinda kwa maneno: kila anayemdharau, yeye kichwani mwake anamwandikia barua kali ambazo hazipeleki. Ni kitabu chenye hasira na kichekesho ndani yake, na mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ya usiku ugenini atajikuta humo.

Alianza lini kuandika?

Alipokuwa na umri wa miaka 21 hivi, akiwa tayari Uingereza. Kabla ya hapo aliandika insha za skuli kama mtoto mwingine, na katika mhadhara wake wa Nobeli alikumbuka raha aliyoipata katika masomo hayo. Ila kuandika kule kwingine, kulikomfanya mwandishi, kulianza kwa upweke. Alikuwa mbali na kwao, hana habari za kutosha, ana mambo yanayomsumbua usiku, akaanza kuyaweka kwenye karatasi bila kujua yatakuwa nini. Baadaye akagundua kwamba historia ya kwao ilikuwa ikisimuliwa upya na washindi, ikirahisishwa, na watu waliodhulumiwa wakifutwa humo. Hapo kuandika kukawa na sababu zaidi ya kutuliza moyo.

Riwaya ya kwanza, *Memory of Departure*, ilichapishwa mwaka 1987. Muswada ulikuwa umekaa miaka mingi bila kupata mchapishaji. Hesabu mwenyewe: kutoka miaka 21 hadi kitabu cha kwanza mkononi, mtu huyu alikuwa amekaribia 40.

Je, kazi yake hasa ni mwandishi au mwalimu?

Yote mawili, na mimi naona ni kosa kuyatenganisha. Magazeti yalipomtangaza mwaka 2021 yaliandika kama vile profesa mstaafu aligeuka ghafla kuwa mwandishi. Ukweli ni kwamba vilikwenda pamoja maisha yote.

Alifundisha skuli Dover. Kuanzia 1980 hadi 1983 alifundisha Chuo Kikuu cha Bayero, Kano, kaskazini mwa Nigeria. Kisha Kent, ambako alifundisha fasihi ya Kiingereza na fasihi ya nchi zilizotawaliwa, akasimamia wanafunzi wa shahada za juu, na akashika uongozi wa masomo hayo katika idara. Alihariri juzuu mbili za makala kuhusu uandishi wa Kiafrika katika miaka ya 1990, na mwaka 2007 akahariri kitabu cha tahakiki juu ya Salman Rushdie. Tangu 1987 jina lake limo miongoni mwa wahariri wa jarida la *Wasafiri* la London, jarida ambalo limewapa jukwaa waandishi wengi wenye asili ya Afrika, Asia na Karibi. Mwaka 2016 alikuwa mmoja wa waamuzi wa Tuzo ya Booker, tuzo kubwa ya Uingereza ya riwaya za Kiingereza.

Mshahara wa ualimu ulimpa kitu ambacho waandishi wengi hawana: hakulazimika kuandika kitabu kinachouzika haraka. Tazama miaka ya riwaya zake: 1987, 1988, 1990, 1994, 1996, 2001, 2005, 2011, 2017, 2020, 2025. Kuna mapengo ya miaka mitano, hata sita. Mtu anayeishi kwa kitabu hawezi kungoja hivyo. Na upande wa pili, miaka yote ile ya kuwafundisha vijana namna ya kusoma waandishi wa Kenya, Nigeria, India na Karibi inaonekana katika sentensi zake. Anajua yapi yamekwishasemwa, nani kayasema, na wapi pamebaki kimya.

Riwaya zake zinahusu nini?

Watu walioondoka, watu waliobaki, na deni lililo kati yao. Nitazipitia upesi. *Memory of Departure* ni ya kijana wa pwani anayekwenda Nairobi kwa mjomba tajiri. *Dottie* (1990) ni ya mwanamke mweusi aliyezaliwa Uingereza asiyejua hadithi ya ukoo wake. Katika *Admiring Silence* (1996) msimulizi anarudi Zanzibar baada ya miaka 20. Nyumbani wanamtafutia mchumba, naye hajawaambia kwamba Uingereza ana mwanamke na mtoto wa kike. *The Last Gift* (2011) ni ya mzee mgonjwa ambaye mkewe na wanawe hawajui alikotoka. *Gravel Heart* (2017) ni ya Salim, kijana wa Zanzibar anayetaka kujua kwa nini baba yake aliihama nyumba.

*Desertion* (2005) inastahili sentensi zaidi. Inaanza mwaka 1899 katika mji mdogo wa pwani kaskazini mwa Mombasa. Hassanali, muuza duka, anatoka alfajiri kwenda kufungua msikiti na kuadhini, na katika kiza anaona kitu kinamjia. Anadhani ni jini. Kumbe ni Mzungu aliye hoi, katokea nyikani. Anampeleka nyumbani kwake, na nyumba ile ina dada yake, Rehana. Yanayotokea yanawafuata watu wa ukoo ule hadi zama za uhuru.

*Paradise*, *By the Sea* na *Afterlives* nimezitengea majibu yake hapa chini. *Theft*, iliyotoka Machi 2025, ni ya kwanza baada ya Nobeli: vijana watatu, Karim, Fauzia na Badar, Zanzibar na Dar es Salaam, wakati utalii unaingia kwa kasi na kila kitu kinabadilika bei.

Kwa nini *Paradise* inasifiwa kuliko zote?

Ilitoka mwaka 1994, ikaingia kwenye orodha ya mwisho ya Booker, na ndiyo iliyomtambulisha Gurnah kwa wasomaji wengi. Ilizaliwa baada ya safari yake ya utafiti Afrika Mashariki mnamo 1990.

Mwanzo wake ni mwepesi, na ndiyo unaotisha. Yusuf ana miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo katika mji wa Kawa, mji uliochangamka Wajerumani walipokuwa wanajenga reli na kisha ukazorota. Kila Ami Aziz anapopita na msafara wake, Yusuf anapewa sarafu ya anna kumi, na anaisubiri kama mtoto yeyote anavyosubiri zawadi ya mgeni. Siku moja Ami Aziz anaondoka na Yusuf. Mtoto anapanda treni akifurahia safari. Hajui kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake, na kwamba yule si ami wala jamaa. Anaelezwa na Khalil, kijana mwenzake anayeuza duka la Aziz, naye aliletwa hapo kwa deni vilevile.

Wanaoijua sura ya Yusuf katika Kurani watauona mfano mara moja: kijana mzuri aliyeuzwa, nyumba ya tajiri, mke wa tajiri anayemtamani. Gurnah hafichi, wala haelezi. Anamwachia msomaji.

Sifa kubwa ya kitabu hiki kwangu ni ukweli wake juu yetu wenyewe. Si hadithi ya pwani safi iliyoharibiwa na Wazungu. Wafanyabiashara wa pwani wanawaita watu wa bara washenzi, wanakopesha ili wafilisi, wanachukua watoto wa watu, na mnyapara wa msafara ni mtu wa kuogopwa. Wajerumani wanaingia katika dunia ambayo tayari ina dhuluma zake. Mwandishi aliyekulia Unguja akaandika hivyo bila kutetea upande wowote, hilo linataka moyo.

Na *By the Sea* ni kuhusu wakimbizi?

Ndiyo, lakini si kama habari za televisheni. Saleh Omar ni mzee wa miaka 65, zamani muuza samani Unguja. Anafika uwanja wa ndege wa Gatwick na pasi yenye jina la mtu mwingine. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza, na kweli kinywani mwake yanatoka maneno mawili tu, mkimbizi na hifadhi. Afisa wa uhamiaji anaupekua mkoba wake na kukuta kasha la mti mwekundu lenye udi, udi wa thamani aliouhifadhi miaka mingi, aliopewa na mfanyabiashara aliyekuja na pepo za kaskazi. Afisa anaunusa. Anauliza ni nini. Mwishowe anauchukua.

Kwa msomaji wa mbali, lile ni kasha la manukato. Sisi tunajua udi unafukizwa lini: harusini, sikukuu, mgeni wa heshima anapoingia, maiti anapooshwa. Mzee yule ameacha nyumba, amekwisha kufiwa na mke na mtoto, na kitu alichochagua kubeba katika mkoba ule mmoja ni udi. Afisa anauweka kando akiendelea kuongea kwa upole, akimshauri mzee arudi kwao. Sijui ukurasa mwingine unaoeleza ukimbizi vizuri kuliko huo.

Kitabu kilitoka mwaka 2001 na kilikuwa katika orodha ndefu ya Booker mwaka huo. Tafsiri yake ilipata tuzo Ufaransa mwaka 2007.

*Afterlives* ina uhusiano gani na *Paradise*?

Si mwendelezo wa wahusika, ila ni mwendelezo wa historia. *Paradise* inaishia pale jeshi la Wajerumani linapokusanya watu. *Afterlives* (2020) inaingia ndani ya jeshi hilo. Tupo katika Tanganyika ya Mjerumani, vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 vikiwa bado vibichi, kisha vita vikuu vya 1914 hadi 1918. Hamza, aliyejiunga na askari kwa hiari yake, anarudi akiwa na jeraha na aibu. Ilyas naye anakwenda vitani na harudi.

Aliyenishika zaidi ni Afiya, dada yake Ilyas. Kaka yake amemfundisha kusoma na kuandika kabla ya kwenda vitani, kisha akamwacha kwa jamaa kijijini. Yule jamaa anapogundua kwamba mtoto wa kike anajua kuandika, anampiga hadi anamvunja mkono. Afiya anaandika kikaratasi cha maneno machache ya kuomba msaada, kikamfikia Khalifa mjini, naye akaja kumchukua. Kile alichopigiwa ndicho kilichomwokoa.

Mbona haandiki kwa Kiswahili?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, na ninauelewa. Ngũgĩ wa Thiong'o aliacha Kiingereza akaandika Kikuyu, na watu wanauliza kwa nini Gurnah asifanye hivyo.

Jibu lake, nionavyo, limo katika maisha yake. Alianza kuandika akiwa Uingereza, peke yake, baada ya miaka ya kusoma vitabu vya Kiingereza. Lugha iliyokuja mkononi kwa kazi ile ilikuwa hiyo. Hakuna mtu anayechagua sauti yake kwa kupiga kura. Na katika miaka hiyo hiyo riwaya ya Kiswahili haikuwa yatima: Zanzibar peke yake ilikuwa na Mohammed Said Abdulla, Shafi Adam Shafi na Said Ahmed Mohamed, watu walioandika kwa Kiswahili kitamu kabisa. Anayetaka Zanzibar kwa Kiswahili anayo *Kuli*, anayo *Vuta n'Kuvute*. Si lazima Gurnah abebe mzigo ule pia.

Halafu Kiswahili kimo ndani ya vitabu vyake. Kipo katika majina, maamkizi, matusi, dua, na zaidi katika mwendo wa hadithi: habari inaanzwa, inakatizwa na habari nyingine, inarudiwa na mtu wa pili kwa namna inayopingana na ya kwanza, kama inavyosimuliwa barazani. Gurnah amelalamikia desturi ya wachapishaji ya kuyalaza maneno ya kigeni kwa herufi za mlazo au kuyawekea faharasa, kana kwamba ni vitu vya makumbusho. Yeye anataka yakae katika sentensi kama maneno mengine. Msomaji wa Kiswahili anafaidi kuliko mhakiki yeyote wa London, na ningependa watu wetu wasome wakijua hivyo, bila unyonge.

Alipewa Nobeli kwa sababu gani?

Akademi ya Uswidi ilitangaza tarehe 7 Oktoba 2021. Sababu waliyoitoa, kwa maana yake, ni jinsi anavyochunguza bila kulegeza na kwa huruma athari za ukoloni na hatima ya mkimbizi aliyenaswa kati ya tamaduni na mabara. Simu ilipopigwa alikuwa jikoni anatengeneza chai, akadhani ni mtu wa kuuza vitu au wa mzaha. Kwa sababu ya Uviko hakukuwa na sherehe ya kawaida Stockholm. Medali alikabidhiwa London Desemba ile. Fedha ya tuzo mwaka huo ilikuwa kroni milioni 10 za Uswidi.

Kabla yake, Mwafrika mweusi wa mwisho kuipata Nobeli ya Fasihi alikuwa Wole Soyinka, mwaka 1986. Ni miaka 35.

Je, ni Mtanzania?

Kisheria, Tanzania haikubali uraia pacha, na Gurnah ni raia wa Uingereza. Ndiyo maana tuzo ilipotangazwa ulizuka ubishi mkubwa mitandaoni: tunampongeza mtu tuliyemwacha aondoke? Rais Samia Suluhu Hassan, mwenyewe Mzanzibari, alimpongeza, na Rais Hussein Mwinyi wa Zanzibar pia. Gurnah mwenyewe hana mashaka: anasema anatoka Zanzibar.

Mimi sioni haja ya kuutatua ubishi huo kabla ya kufungua kitabu. Ila naona ni haki ubishi uwepo. Sherehe isiyokumbuka kwa nini alikimbia ingekuwa kinyume na kila alichokiandika.

Riwaya zake ni maisha yake mwenyewe?

Si hivyo, ingawa utaona vipande. Daud wa hospitalini, mwalimu wa *Admiring Silence*, mhadhiri Latif wa *By the Sea*: wote wanagusa njia aliyopita. Lakini yeye hakuingia Uingereza akiwa na miaka 65 na udi mkobani, wala hakuwekwa rehani. Anachukua hali aliyoijua, anaipa mtu mwingine mwenye makosa yake. Msomaji anayemtafuta mwandishi nyuma ya kila mhusika anapitwa na wahusika.

Wapo wengine wa kwetu walioishi hivi, ugenini wakiandika na kufundisha?

Wapo, na wanasahaulika. Said Ahmed Mohamed wa Pemba alifundisha miaka mingi Bayreuth, Ujerumani, huku akitoa riwaya, tamthilia na mashairi kwa Kiswahili. Abdilatif Abdalla wa Mombasa, baada ya kifungo cha kisiasa, aliishi London na kisha akafundisha Kiswahili Leipzig. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alimalizia maisha yake ya ualimu Botswana. M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, yuko Kanada na ameshinda Tuzo ya Giller mara mbili. Hakuna hata mmoja wa hawa aliyepewa ukurasa wa mbele kama Gurnah. Ukimaliza Gurnah, nenda kwao.

Nianze na kitabu gani?

Kama unasoma Kiswahili tu, au unapenda kusoma kwa raha: *Peponi*, tafsiri ya *Paradise* iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2022. Ndiyo riwaya yake ya kwanza kutoka kwa Kiswahili. Mfasiri ni mtu anayeyajua mazingira yale, na mazungumzo ya Yusuf na Khalil yanasikika kama yalizaliwa hivyo.

Kama Kiingereza hakikusumbui, anza na *Afterlives*, kwa sababu hadithi yake inakwenda moja kwa moja na mapenzi ya Hamza na Afiya yatakubeba. Usianze na *Admiring Silence*; ni chungu, na inataka umzoee mwandishi kwanza. Walimu wa sekondari huniuliza ipi inafaa darasani: *Peponi* bila wasiwasi, ila mjadala wa rehani na utumwa uandaliwe vizuri, kwa kuwa wanafunzi watauliza maswali juu ya babu zao.

Mwandishi chipukizi ajifunze nini kwake?

Kwanza, kuwa na kazi nyingine si kushindwa. Pili, asome sana kabla ya kutaka kusomwa. Tatu, asiwapambe watu wake. Nimeona miswada mingi ya vijana ambamo kijiji ni kizuri na mgeni ndiye mbaya. Gurnah hakumpa msomaji wa Ulaya raha hiyo wala hakutupa sisi. Na awe tayari kungoja. Mwaka 2021, siku ile ya simu, *Afterlives* ilikuwa haijachapishwa hata Marekani.

Kitabu gani kitafsiriwe baada ya *Peponi*?

Nikiulizwa mimi, *By the Sea*, tena upesi. Sababu ya kwanza ni Saleh Omar mwenyewe: mzee anayenyamaza kwa Kiingereza Gatwick, halafu kwa kurasa mia anafikiri kwa ufasaha wa mtu wa Mji Mkongwe. Fikra zile ni za Kiswahili. Zimengoja tangu 2001. Sababu ya pili ni ugomvi wa nyumba kati ya ukoo wake na ukoo wa Latif, uliotokana na mkopo, hati na meza ndogo ya mpingo ambayo mtoto alitumwa kuidai na akarudishwa mikono mitupu. Ugomvi wa namna hiyo upo katika koo nyingi za Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu, na wengi wanaouishi hawatausoma kamwe kwa Kiingereza. Bibi anayejua ile meza ilikuwa ya nani apate kusomewa na mjukuu wake, naye aseme kama mwandishi amepatia.